HATUKOSI MPANGO, TUMENYIMWA SAA



Karani mmoja wa stoo, mwanachama wetu, alikwenda afisi ya wafanya kazi katika kiwanda kimoja cha Industrial Area kuomba ruhusa ya siku moja. Kiwanda hatukitaji, maana shauri lenyewe bado liko mezani. Alitaka kwenda kufanya mtihani wa kuingia chuo cha biashara. Ada alikuwa amekwisha lipa kwa fedha yake mwenyewe. Miezi minne alikuwa amesoma usiku chumbani mwake Kayole, na karatasi ya kuitwa mtihanini alikuwa nayo mkononi. Akajibiwa kwamba siku hiyo ni ya kuhesabu mali ya stoo, hapana mtu wa kushika nafasi yake, na tena akaambiwa: "Ulipaswa kujipanga."

Hakwenda, na ada ikapotea. Mtihani alikuwa amejiandikisha miezi miwili kabla. Siku ya kuhesabu mali ilitangazwa siku tatu kabla. Nani hapo aliyekosa kujipanga? Na wenzetu waliotumwa kufuatia shauri hilo waliona ukutani mwa afisi ile ile karatasi kubwa ya rangi inayomfundisha mfanya kazi namna ya kutumia wakati wake vizuri.

Sisi hatuna ugomvi na mipango. Mtu anayesoma bila mpango huchoka bure, na mbele tutasema machache juu ya jambo hilo. Ugomvi wetu ni na wale wanaoshika saa za mtu kwa mkono mmoja na kumnyoshea kidole kwa mkono wa pili. Twasema wazi kwamba mfanya kazi wa Eastlands anayesoma hakosi mpango, amenyimwa saa. Na saa ni jambo la kukaa mezani na kupatana na tajiri, kama vile mshahara na posho ya nyumba. Si jambo la tabia ya mtu peke yake.

Wako watakaouliza, karani wa stoo ana shauri gani na chuo cha biashara? Swali hilo lilikuwa na maana wakati cheti cha darasa la nane kilitosha kumfanya mtu karani. Siku hizi tunao makarani, wapakiaji wa mizigo na hata walinzi wa geti wenye digrii, na wanafanya kazi hizo kwa sababu nyingine hazikupatikana. Mtu kama huyo akiona njia ya kusonga mbele, si sisi wa kumwambia akae.

Mtihani aliokuwa akiutaka ndugu yetu ni ule uitwao GMAT, ulioanza Marekani katika miaka ya 1950, na ambao vyuo vingi vya biashara duniani huutumia kuchagua wanafunzi. Hufanywa kwa kompyuta. Una maswali 64 katika sehemu tatu: hesabu, ufahamu wa maneno, na kusoma majedwali na takwimu. Kila sehemu ni dakika 45, na katika ile ya hesabu hapana ruhusa ya mashine ya kuhesabia, ni kichwa na kalamu tu. Ada yake inapita dola 250. Kwa amri ya mishahara ya Novemba 2024, kibarua wa chini kabisa wa Nairobi hupata shilingi 16,113 na senti 75 kwa mwezi. Basi ada ya mtihani huo, wa kuingia tu, kabla ya kulipa hata shilingi moja ya chuo, inakula mishahara miwili ya kibarua huyo. Hiyo ndiyo fedha iliyopotea siku ile ya kuhesabu mali.

Wengine kati yetu wanasomea mitihani ya uhasibu ya KASNEB, bodi iliyoundwa mwaka 1969. Shida yao ni moja na ya huyu, ila tarehe zao hupangwa na bodi, na mtu wa GMAT hujichagulia siku yake. Hujichagulia, yaani kama tajiri hajamchagulia nyingine.

Sasa tuje kwenye hesabu. Tuliketi na karani huyu katika afisi ya tawi, tukaandika juma lake lote katika karatasi. Juma lina saa 168. Kwa Amri ya Jumla ya Mishahara, pale pasipo mapatano yaliyo bora, juma la kazi ni saa 52 kwa siku sita. Ongeza saa moja ya chakula cha mchana kila siku, maana hata hiyo huipati nyumbani, zinakuwa 58. Kutoka Kayole mpaka lango la kiwanda na kurudi ni saa mbili na nusu, siku ambayo mvua haikunyesha. Mvua ikinyesha nauli ya matatu hupanda, na wengi huja kwa mguu kwenye matope. Tuseme 15 kwa juma, zinakuwa 73. Usingizi wa saa saba kwa siku ni 49. Jumla 122. Zimebaki saa 46.

Bwana wa afisi ya wafanya kazi angefurahi hapo. Saa 46! Lakini saa hizo hazikuwekwa pamoja kama gunia la mahindi. Kuoga, kuvaa, kuteka maji siku ambayo mfereji umekauka, kupika na kula, kuwatazama watoto vitabu vyao, tuliweka saa tatu kwa siku, nazo ni 21. Zimebaki 25. Kanisani au msikitini, kufua nguo, kumtazama mgonjwa, mkutano wa matanga na wa chama, tuliweka 10 kwa juma zima. Zimebaki 15. Walimu wa mtihani huu humshauri mtu ajitayarishe kwa saa 100 hivi, wengine husema zaidi. Kwa saa 15 za juma, mtu atamaliza saa 100 kabla ya majuma saba kwisha. Kwa hivyo inawezekana! Mwanachama huyu si mjinga, alikuwa amekwisha kuiona hesabu hiyo yeye mwenyewe kabla yetu.

Sasa weka ovataimu. Jioni tatu kwa juma, saa tatu kila jioni, ni saa 9. Zimebaki 6. Zile saa 100 zinageuka kuwa karibu majuma 17. Tena hajui ni jioni zipi tatu, maana msimamizi huja saa kumi na nusu na kusema "leo tunabaki". Amepanga kusoma hesabu Jumanne na maneno Alhamisi. Jumanne amebaki kazini, Jumatano ambayo hakupanga kitu yuko huru lakini amechoka, Alhamisi amebaki tena. Ametoka majuma saba mpaka kumi na saba, na hapo katikati hakuna kosa lake hata moja. Sheria yasema ovataimu ilipwe mara moja na nusu, na siku ya mapumziko mara mbili. Haisemi msimamizi atangaze mapema. Hapo ndipo penye tundu, na hapo ndipo mpango wa mtu unapovuja.

Tusidanganyane pia, ndugu. Wengi wetu tunaipigania ovataimu hiyo. Wako wanaomletea msimamizi chai ili majina yao yaandikwe, maana bila hiyo mara moja na nusu, ada yenyewe ingetoka wapi? Karani wetu naye alikiri kwamba ada aliipata kwa ovataimu. Aliuza saa za kusoma ili anunue nafasi ya kufanya mtihani ambao hakupata saa za kuusomea. Mtu akituambia hilo ni kosa la kujipanga, tutamwomba aje Kayole atuonyeshe angefanya nini yeye.

Kwa akina dada hesabu hii haifiki hata pale. Pale tulipoandika saa tatu za nyumbani, mwenzetu mmoja wa kufunga bidhaa, mkaaji wa Umoja, alicheka akachukua kalamu akaandika tano. Saa mbili zaidi kwa siku ni 14 kwa juma. Ondoa 14 katika zile 15 uone kilichobaki. Yeye husoma saa tisa ya usiku, watoto wakiwa wamelala, na saa kumi na moja yuko barabarani. Tulimwuliza amefanya hivyo muda gani. Akasema tangu Januari.

Na mahali pa kusomea? Mitaa yetu ya Kaloleni, Bahati, Maringo na Jericho ilijengwa kwa hesabu ya mfanya kazi kulala, aamke arudi kazini. Meza ya kusomea haikuwekwa katika ramani. Huko Pipeline kwenye majumba marefu mambo ni mabaya zaidi, chumba kimoja watu wanne, redio ya jirani iko kama ndani ya sikio lako, na stima ikipotea mtu anasoma kwa tochi ya simu. Maktaba tunazo huku kwetu, ya Kaloleni na ya Makadara, na tangu mwaka 2018 shirika la Book Bunk limeshirikiana na jiji kuzitengeneza pamoja na ile ya McMillan mjini. Tunashukuru. Lakini maktaba ni mahali pa mchana, na sisi ni watu wa usiku.

Kila tukisema haya, hujitokeza mtu wa kutuletea jina la Tom Mboya. Mboya, wasema, alikuwa mkaguzi wa afya tu wa halmashauri ya jiji la Nairobi, akasoma usiku kwa masomo ya posta kutoka Afrika Kusini, na mtazameni alikofika. Ni kweli, na sisi wa vyama vya wafanya kazi hatuhitaji kufundishwa habari za Mboya, maana alikuwa wetu. Lakini wasomaji hao husoma nusu ya habari na kufunga kitabu. Mwaka 1955 Mboya alipata msaada wa masomo akaenda Ruskin College, Oxford, akakaa huko mpaka 1956. Mwaka mzima wa kusoma, mchana, bila kengele ya kazi. Aliyemtoa pale alipokuwa si usiku peke yake. Alipewa wakati, na alipewa na watu walioamini kwamba mfanya kazi anastahili kusoma. Basi mkimtaja Mboya, mtajeni mpaka mwisho. Leteni na huo mwaka.

Wala jambo hili si ndoto ya wakorofi. Mwaka 1974 Shirika la Kazi la Dunia, ILO, lilipitisha Mkataba Namba 140, ambao habari yake ni likizo ya masomo yenye malipo. Unasema mfanya kazi aruhusiwe kusoma kwa muda maalumu katika saa za kazi, naye apewe malipo ya kutosha. Kenya iliukubali mkataba huo mwaka 1979. Ukweli ni kwamba mkataba unairuhusu nchi kwenda hatua kwa hatua. Lakini ilipotungwa Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, miaka 28 baadaye, iliandikwa livu ya mwaka, ya ugonjwa, ya uzazi. Ya masomo haikuandikwa. Miaka 28 ni hatua gani hiyo? Mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa 1979 alikuwa amekwisha kuajiriwa, pengine ameachishwa kazi mara mbili.

Na fedha ya mafunzo ipo, ndugu, msidanganywe kwamba haipo. Kila tajiri hutakiwa alipe shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanya kazi, iwe kodi ya mafunzo ya viwanda, kwa mamlaka iitwayo NITA, ambayo afisi zake ziko Commercial Street hapa hapa Industrial Area, mwendo wa mguu kutoka viwanda vyetu vingi. Shilingi hizo ni za tajiri kulipa, hazikatwi katika mshahara wako. Kwa mtu mmoja ni 600 kwa mwaka. Kiwanda cha watu 400 kinatoa 240,000. Tajiri akiwapeleka watu wake kwenye mafunzo yaliyokubaliwa na mamlaka, anaweza kudai arudishiwe gharama. Basi twauliza: vichwa vinavyohesabiwa ni 400, vya vibarua, makarani, madereva na wafagiaji. Wanaopelekwa mafunzoni ni nani? Katika viwanda tunavyovijua sisi, ni mameneja, na mafunzo yenyewe huwa katika hoteli za pwani. Hatusemi ni kinyume cha sheria. Tunasema kichwa cha karani huhesabiwa siku ya kulipa na kusahauliwa siku ya kwenda.

Tajiri husema, nikimsomesha atahama. Bwana, atahama vile vile. Tofauti ni kwamba sasa atahama na kinyongo.

Lakini sharti tujilaumu na sisi. Tulipokuwa tukitayarisha habari hii tulifungua mapatano yetu yaliyosajiliwa katika Mahakama ya Kazi, tukayasoma ukurasa kwa ukurasa. Mshahara umo, nyumba imo, sabuni, maziwa, gambuti na koti la mvua vimo. Masomo hayamo hata mstari mmoja. Tajiri hakuyafuta, ni sisi hatukuyaomba. Mara mbili tumekaa mezani na mara mbili tumenyamaza, kwa sababu wazee wa tawi, na waandishi wa habari hii wakiwamo, tulidhani masomo ni mambo ya mtu na nyumbani kwake.

Tena wako wanachama wanaosema afadhali hivyo. "Akifaulu atakuwa meneja, na meneja aliyetoka kwetu ndiye mkali kuliko wote." Hatuwezi kukana. Tunawajua watu wa namna hiyo, na wengine wanalijua jarida hili kwa sababu walikuwa wakilichapa pamoja nasi. Ila tufikiri kidogo ni kwa nini mtu huwa hivyo. Alisoma peke yake, saa tisa ya usiku, akachekwa na wenzake kiwandani kwamba anajifanya mzungu. Ruhusa aliomba peke yake na kunyimwa peke yake. Alipofaulu akaona hana deni kwa mtu yeyote, na kwa kweli alikuwa nalo gani? Mtu ambaye siku yake ya mtihani imetetewa na mwakilishi wa wafanya kazi hatasahau upesi namna hiyo. Wengine watasahau. Tutawapigania hata hao, maana haki haigawanywi kwa kutazama nani atashukuru.

Mpaka hapo tutakapopata mapatano, wanaosoma wafanyeje? Tumewauliza waliofaulu, na shauri lao ni hili. Usiandike mpango wako juu ya saa ambazo tajiri anaweza kuzichukua. Jioni ni zake, utake usitake. Alfajiri ni yako. Wenzetu watatu kati ya waliofaulu walisoma saa moja kila alfajiri kabla ya kuondoka, siku tano, na saa nne Jumapili mchana, basi. Ni saa 9 kwa juma, na saa 100 zinakwisha katika majuma 12 hivi. Jioni ikipatikana ni bahati, irudie makosa ya juma lile, usianze somo jipya na kichwa cha kazi. Usijiwekee mtihani mwisho wa mwezi kama uko afisi ya hesabu, wala karibu na mwisho wa mwaka wa mahesabu kama uko stoo, hata kama hujaambiwa kitu. Matokeo ya GMAT hudumu miaka mitano, kwa hivyo huna haja ya kukimbilia mwaka ambao mtoto amezaliwa au mama mzazi amelazwa. Livu yako ya mwaka ni siku 21 za kazi. Sheria inaruhusu igawanywe kwa kukubaliana na tajiri, na sehemu moja isipungue majuma mawili mfululizo. Weka hayo mawili kabla ya siku ya mtihani, usiyamalize kwa safari za nyumbani za Desemba. Jambo hili ni gumu, tunalijua, wazee nyumbani hawatalipenda.

Zaidi ya yote, usiombe ruhusa kwa mdomo. Andika barua siku ile ile unayolipa ada, weka tarehe ya mtihani, mpe mwakilishi nakala kabla ya kumpa msimamizi. Karani wetu aliomba kwa mdomo mara mbili, na mara zote mbili msimamizi alisema "tutaona". Hakuna karatasi. Shauri lake mezani linayumba kwa sababu hiyo tu.

Katika mkutano mkuu wa tawi litaletwa azimio, na tunataka mje wengi mlisikilize. Litataka mapatano yajayo yaandike siku za mtihani kuwa ruhusa yenye malipo, pamoja na siku mbili kabla yake. Litataka mtu aliyeleta tarehe yake kwa barua asipangiwe ovataimu katika mwezi wa mwisho ila kwa kukubali mwenyewe, na ovataimu kwa watu wote itangazwe kabla ya siku yake. Litataka kantini ya kiwanda iachwe wazi na taa zake mpaka saa tatu ya usiku kwa wanaosoma, jambo ambalo gharama yake ni ya stima peke yake. Na litataka orodha ya waliopelekwa mafunzoni kwa fedha ya kodi ionyeshwe kwa kamati kila mwaka, majina na vyeo. Tunatazamia hiyo ya mwisho ndiyo itakayokataliwa kwanza.

Kwa upande wetu, afisi ya tawi itafunguliwa jioni tatu kwa juma kuanzia mwezi ujao. Meza zipo, viti vinakosekana, mwenye kiti cha ziada alete. Wanaotazamia mtihani wowote, wa GMAT au wa KASNEB au wa ufundi, wampe mwakilishi tarehe zao kabla ya mkutano ili tujue idadi.

Karani wa Kayole amejiandikisha tena. Ada ya safari hii wamechanga watu wa stoo na wa mashini, na waliochanga wengi hawajui hata mtihani wenyewe unauliza nini. Barua yake ya ruhusa imepelekwa, meneja ametia sahihi kwamba ameipokea, na nakala iko katika kabati letu.